Mrejesho: Gari iliyokuwa inachemsha safarini tu

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri hapa kuhusu gari yangu: injini ilikuwa inachemsha nikipanda milima ya Kolo kwenda Babati, lakini hapa Dodoma mjini geji ya joto inatulia katikati. Wengi mlisema gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imeungua. Namshukuru Mungu haikuwa hiyo: oili haina rangi ya chai ya maziwa, na rejeta (inayopoza maji ya injini) haitoi mapovu, ambazo ndizo dalili zake.

Aliyeniambia "ikichemsha foleni shuku feni, ikichemsha safarini shuku rejeta" ndiye aliyepatia. Fundi alipoifungua, karibu nusu ya vijibomba vimeziba kwa ukoko mweupe. Kosa langu: miaka miwili najazia maji ya bomba, na maji yetu ya visima mnayajua, hata birika linaota magamba. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa umechoka, haushiki presha inayozuia maji yasichemke mapema. Na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,100 hivi, maji matupu yanachemka kabla ya nyuzi 100.

Nimeweka rejeta nyingine, mfuniko mpya, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na themostati, ile vali inayodhibiti joto la injini (ya zamani fundi wa kwanza aliing'oa akaitupa, eti haina kazi!). Jumapili nimepanda Kolo na abiria wanne, AC inapuliza. Geji haikutikisika.