Chafya kila asubuhi, wiki ya tatu: mafua, malaria au aleji?

Kutoka: Mama wa Najjera, pembeni ya Kampala (kwetu Nakuru)

Wapendwa, wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Wiki ya tatu sasa naamka na chafya. Si moja wala mbili, ni kumi, kumi na tano mfululizo. Pua inachuruzika maji kama bomba bovu na macho yanawasha mpaka natamani kuyatoa niyasuuze. Ikifika saa nne nimetulia, naingia kazini kama mtu mzima. Kesho yake yanaanza upya.

Kliniki ya hapa mtaani nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza nikasema nina homa. Wakanitoboa kidole, malaria hakuna, na bado wakanipa dawa za malaria, eti nisije nikazidiwa usiku. Mara ya pili nikapewa amoksilini. Nimemaliza zote, chafya ziko palepale. Jirani yangu Mganda anasema ni senyiga, yaani mafua kwa Kiganda, nitazoea. Mume wangu analaumu vumbi la barabara yetu, maana lami iliishia mbele ya geti la mkubwa mmoja na sisi tukaachiwa murram, udongo wa changarawe. Nisaidieni.

Kutoka: Dada Muuguzi, Kansanga (kwetu Tanga)

Pole sana mama. Nimecheka kidogo, unisamehe, kwa sababu tatizo lako lilianzia kwenye neno. Sisi wa Tanga tukisema homa ni mwili kuchemka. Nyinyi wa bara huko Kenya, mtu akitoka kamasi tu keshasema ana homa. Sasa Mganda akiisikia anaipeleka kwenye "omusujja", neno ambalo hapa ni joto la mwili na ni malaria pia. Ulikwenda na pua, ukatibiwa mbu.

Siku nyingine usiwapelekee jina la ugonjwa, wapelekee dalili. Mimi nikikaa upande wa pili wa meza nataka kujua joto limepanda au la, panawasha au panauma, na ni siku ngapi.

Mafua huuma, aleji huwasha. Mafua huanza na koo linalokwaruza, siku ya pili na ya tatu ndiyo yanakaza, na ndani ya siku 7 hadi 10 mengi yamekwisha, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa kuondoka. Tena huambukiza. Wiki tatu ndani ya nyumba moja, kuna aliyeambukizwa na wewe? Aleji haimwambukizi mtu, haipandishi joto, na hukaa muda wote ambao kile kinachokuchokoza kipo. Kamasi yake ni nyepesi kama maji. Ila msidanganyike na rangi: kamasi ya kijani au ya njano haithibitishi bakteria, mafua ya kawaida nayo hufika huko. Amoksilini haiui virusi, wala haiwezi lolote kwa aleji.

Malaria haina kawaida ya kuchuruzisha pua. Yenyewe ni joto, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo. Lakini sikilizeni vizuri, hasa nyinyi mliotoka Nairobi ambako mbu hawajawajengea kinga: joto likipanda ukiwa Uganda, pima siku hiyohiyo, hata kama pua nayo inatoka. Mtu anaweza kuwa na mafua na malaria kwa pamoja. Na majibu yakiwa hakuna, mwulize daktari joto linatoka wapi, usimeze dawa ya malaria kama Coartem kwa wasiwasi. Kipimo cha haraka nacho kina kasoro yake: kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Aliyetibiwa karibuni aombe kipimo cha darubini.

Kutoka: Kijana wa Ntinda

Mimi natumia Piriton, ile dawa ya aleji, inakausha pua fasta. Shida ni usingizi, juzi nimesinzia nyuma ya boda pale Bukoto. Dereva alinipigia kelele mpaka tukafika.

Halafu nikila senene, wale panzi wa kukaanga, midomo inavimba. Hiyo nayo ni mafua, dada?

Kutoka: Dada Muuguzi

Wewe acha senene kabisa, na siku koo likibana au pumzi ikikosekana nenda hospitali hapohapo, usiandike hapa kwanza. Wapo wenye aleji ya kamba wa baharini ambao wakila panzi hupatwa vilevile. Kwa chafya, uliza famasi setirizini au loratadini, hazilazi sana kama Piriton. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache. Ukiyazoea, pua huziba zaidi kuliko mwanzo.

Kutoka: Mama wa Najjera

Hakuna aliyeambukizwa, hata mtoto ninayelala naye. Nimenunua kipimajoto: 36.6 asubuhi, 36.7 usiku. Na sasa nakumbuka, wikendi ile tuliyolala Jinja sikupiga chafya hata moja! Kumbe ni chandarua? Nilikitoa kwenye pakiti mwezi jana nikakitundika siku ileile.

Kutoka: Mzee wa Jinja (kwetu Mombasa)

Binti yangu, marahaba. Chandarua kipya kweli huwasha uso na pua, ndiyo maana huanikwa kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa. Lakini karaha hiyo huisha siku chache. Usikivue ukatuletea malaria ya kweli. Kikichafuka, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, jua linaua dawa yake ya mbu.

Mimi ningeuliza juu ya godoro. Ni lako au umelikuta?

Kutoka: Mama wa Najjera

Nimelikuta, mzee. Nyumba ilikuwa na vitu vyake. Na nyuma ya kabati nimevuta leo, ukuta umeota ukungu mweusi. Mvua zote hizi, na dirisha hatufungui tukiogopa vumbi la nje.

Kutoka: Dada Muuguzi

Basi tumefika. Godoro la miaka limejaa wadudu wa vumbi, wadogo hata macho hayawaoni, na kinachokuchokoza ni kinyesi chao. Unalala nao kwa muda wa saa nane, unaamka unapiga chafya. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, ukungu ukaushwe, dirisha lifunguliwe vumbi likitulia. Mwangalie na mtoto: akiwa na tabia ya kusugua pua kwa kiganja kwenda juu, mlete. Kifua kikipiga filimbi au kikohozi cha usiku kikianza, hiyo ni njia ya pumu. Na kikohozi kikifika wiki mbili, kwa yeyote, apimwe kifua kikuu, asione haya.

Kutoka: Mama wa Najjera

Siku ya nne nalala kwenye godoro jipya. Leo chafya tatu. Mume bado anasema ni murram.

Mwenye nyumba hataki godoro lake litupwe, anataka lirudishwe kwake Kireka. Nani ana pikapu Jumamosi?