Aliyepunguzwa kazi huku Mtwara serikali imsaidie au arudi shamba? Karibuni tujadili

Wakuu habari za saizi. Naleta hii mada maana kila watu wakipunguzwa kazi huku kusini jibu ni lilelile, "si warudi shamba, korosho zipo". Mi nakataa, anayepinga aje na hoja matusi aache nyumbani.

Tuanze na kilichopo maana wengi hawajui. NSSF kuna fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe unapewa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mtu wa laki 4 anapata kama laki na 33 kwa mwezi, haitoshi ila kodi ya chumba Chikongola na unga vinatoka humo. Mwajiri naye kisheria anatakiwa akupe kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, yani aliyefanya 10 na aliyefanya 15 wote wanaondoka na siku 70.

Sasa hayo yanamfikia nani? Kazi nyingi hapa ni za vibarua, kubeba magunia ghalani, kubangua, kupakia msimu wa korosho, mkataba wa mdomo tu. Kuna jirani yangu yeye afadhali alikuwa na slipu na makato anayaona kila mwezi, kapunguzwa kaenda kufuatilia anaambiwa michango haikupelekwa, bosi akawa anamwambia njoo wiki ijayo njoo wiki ijayo, kuja kushtuka zile siku 30 za kufungua shauri CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, zimeshapita. Huyo mnamwambia nini?

Na hilo shamba. Mkorosho ukiupanda leo ni kama miaka 3 ndo uanze kuona punje, mtu kapunguzwa mwezi wa 3 hana hata mche mmoja, mnamtuma shamba la nani?

Mtasema serikali haina hela. 2018 wanunuzi waligoma kufika bei, Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja kusomba. Mkulima aliokolewa, sikatai, ila mbona bei ya mafuta ilipoporomoka duniani kuanzia 2014 na shughuli za gesi zikapoa hapa mjini vijana waliorudishwa makwao hakuna aliyewatumia lori?

——

Mkuu hiyo ya 2018 ungeiacha tu. Mi mkulima, tulikaa tunasubiri malipo huku uhakiki wa kangomba (walanguzi wanaonunua korosho kwa magendo) hauishi, ada ya shule ikafika hela bado. Ndo unataka mfumo huohuo uwalipe wafanyakazi? Korosho yangu inakatwa ushuru kila kilo afu akalipwe mtu akae kijiweni. Wapewe mikopo, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi ipo.

——

Kaka asilimia 10 ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na wengi wanaenda kwa kikundi. Baba wa miaka 50 katolewa kiwandani ana kikundi gani? Ila kwenye uhakiki umenishika, ndo maana nasema hela ipite NSSF ambako majina yapo tayari, asianze mtu kuandikwa upya kwenye daftari la mtendaji.

——

Mi nasimama katikati jamani. Huku Lindi tumeambiwa kiwanda cha gesi cha Likong'o kinakuja tangu lini, watu wakanunua viwanja wakajenga geste, leo zinalala mbu. Serikali ikianza kugawa hela kila mtu atakuwa kapunguzwa kazi, hata shemeji yangu ambaye hajawahi kuajiriwa atajiandikisha wa kwanza 😂. Waandikisheni kwanza hao vibarua.

——

Dada hapo tumekutana, na uandikishaji wenyewe sio mgumu kivile. Ghala haliwezi kupokea korosho za mfumo wa stakabadhi ghalani bila leseni, na leseni inatoka serikalini. Kabla ya msimu kufunguliwa mwenye ghala aonyeshe risiti za michango ya wabeba magunia wake wa msimu uliopita, hana risiti hana leseni. Hapo serikali inatakiwa itoe shilingi ngapi?