Naomba ushauri: programu ya kusomea kwa watoto wenye dalili za disleksia (ugumu wa kusoma na kutambua maneno)

Habari zenu wakuu. Niko Igoma, Mwanza, jioni najitolea kufundisha watoto wa darasa la tatu na la nne. Kuna binti ukimsimulia hadithi anajibu maswali yote, ila mpe kitabu: kwenye "wanapotutembelea" anaishia "wanapo", kinachobaki anabahatisha, na b anaisoma d. Shuleni anaitwa mvivu. Inaniuma, maana disleksia haihusiani na uvivu wala akili ndogo. Na kwa kuwa Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa, watoto wengi wa hivi hufika mwisho wa sentensi, taratibu mno, na hakuna anayeshtuka.

Natengeneza programu ya simu: herufi kubwa, mistari iliyoachana, silabi zinabadilika rangi sauti ikisoma. Lazima ifanye kazi bila bando, kwenye simu za bei nafuu za wazazi, wengi wachuuzi wa dagaa.

Nilipokwama ni sauti. Nimrekodi mwalimu akisoma hadithi zote, au nitumie sauti ya kompyuta? Hiyo niliyojaribu inavuruga ng' na mkazo wa maneno. Halafu, maneno marefu niyakate kwa silabi au kwa viambishi, wa-na-po-tu-tembelea? Walimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), na wazazi wenye watoto wa hivi, naomba mnisaidie.