Mama anashikwa na kizunguzungu kila akigeukia kulia kitandani. Fizio inaweza kumsaidia?

BintiKihonda

Wakuu, habari za leo. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, maana usingizi umetukimbia mimi na mama.

Mama yangu ana miaka 61, anapika vitumbua hapa Morogoro, kazi aliyoanza mimi niko darasa la pili. Mwezi Machi, saa kumi alfajiri, aligeukia kulia ashike simu azime alamu. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipofika alikuwa ameng'ang'ania ubao wa kitanda kwa mikono miwili, amefumba macho, anasema kenchi za paa zinazunguka na nyumba inamwangukia. Haikumaliza dakika, ikapita. Akakaa, akatapika.

Tangu hapo akiinama kuchochea mkaa, inakuja. Akiinua uso kushusha sufuria juu ya kabati, inakuja. Akitulia, hana shida.

Zahanati tuliyoenda, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ila akaandikiwa dawa za malaria hivyo hivyo. Safari ya pili wakasema ni presha, na ilisoma 138 kwa 86. Safari ya tatu wakamtundikia dripu mbili na kumpa vidonge vya sinarizini, mara tatu kwa siku. Hii ni wiki ya tisa anavimeza. Mchana kutwa anasinzia, kichwa kizito, lakini akilalia upande wa kulia nyumba inazunguka vilevile. Hakuna hata mmoja aliyemlaza na kuona kinachotokea. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa halali kitandani. Analala amekaa kwenye kochi, mito mitatu mgongoni, asubuhi shingo imekakamaa. Akitembea anagusa ukuta. Siku anazojilazimisha kupika, naona alama za viganja vyake vyenye unga wa mchele kwenye ukuta wa koridoni, kuanzia mlango wa jikoni hadi chooni. Jirani ametuletea mtu wa kumsomea, mama akakubali kwa kuchoka.

Juzi dada wa famasi kaniambia nimpeleke kwa watu wa fiziotherapia. Ninaowajua mimi hushughulika na waliovunjika na waliopooza. Kizunguzungu wanakitibuje? Naogopa afanyishwe mazoezi aanguke, avunjike nyonga.

Mkulima_Kongwa

Pole sana dada. Mpime wingi wa damu na sukari kwanza. Mama yangu mdogo alisumbuka hivyo, kumbe damu ilikuwa 6. Ila yeye kilimjia akisimama ghafla, siyo akigeuka akiwa amelala.

FizioKaskazini

Dada, shikamoo yangu imfikie mama. Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mkuu wa Kongwa amegusa jambo la maana bila kujua. Kizunguzungu cha upungufu wa damu au presha kushuka huja mtu akiinuka, macho yanafifia, miguu inaisha nguvu. Cha mama kinakuja akigeuza kichwa hata akiwa amelala, dunia inazunguka kabisa, kinadumu sekunde chache, kinaondoka. Ulivyoeleza, namwazia sikio la ndani.

Ndani ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, kuna kifaa cha mizani. Kina chembe ndogo sana za chokaa zilizogandishwa kwenye utando, zinazomjulisha mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Kila sikio lina pia mifereji mitatu yenye majimaji, inayopima kichwa kinavyozunguka. Umri ukisonga, au mtu akipigwa kichwani, chembe hung'oka na kutumbukia mferejini, mara nyingi ule wa nyuma. Mama akigeuka, zinaporomoka na kusukuma majimaji. Ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka wakati kimetulia. Zikishatua, kizunguzungu kinakoma, ndiyo maana hakimalizi dakika.

Ukishaelewa hapo utaona kwa nini vidonge havijamsaidia. Sinarizini hupunguza kichefuchefu na kuupoza ubongo, haiwezi kuzitoa chembe mferejini. Na ikimezwa wiki nyingi inauchelewesha ubongo kujifunza upya mizani. Usimkatishe mwenyewe, ongea na aliyemwandikia.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Kinaitwa Dix-Hallpike, kilielezwa mwaka 1952 na madaktari wawili wa London. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 upande unaoshukiwa, analazwa kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, macho wazi. Kama ndiyo yenyewe, baada ya sekunde chache macho yanaanza kucheza yenyewe, kizunguzungu kinakuja, kisha kinatulia. Tiba inaendelea palepale. Ni zoezi la Epley, daktari wa Marekani aliyelichapisha mwaka 1992. Kichwa kinageuzwa polepole upande wa pili, mgonjwa anafuata kwa ubavu hadi pua inaelekea sakafuni, kisha anakalishwa. Kila mkao unasubiri nusu dakika hadi dakika, ili chembe ziteremke mferejini hadi zirudi kwenye uwazi zilikotoka. Wengi hupona kwa mara moja hadi tatu.

Msilijaribu nyumbani kabla hajapimwa. Upande ukikosewa mtamtesa bure, na kama ana tatizo la shingo anayemshika lazima ajue. Halafu shika hili: kizunguzungu kikija na maneno mazito mdomoni, kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida, au kushindwa kabisa kusimama, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa kiharusi.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha fizio. Uliza mapema kama kuna anayeshughulika na kizunguzungu, au anza na daktari wa masikio, pua na koo.

Msafiri_Kahama

Naongezea yangu, maana fizio imenirudisha barabarani. Mwaka 2009 TB ilinirudia, nikachomwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. TB ikapona, mizani ikaondoka masikio yote mawili. Kwangu hakuna kuzunguka. Ni kuyumba, na giza likiingia ndiyo nakwisha kabisa. Nikipanda bodaboda, maandishi ya vibao yanarukaruka siyasomi. Nikifumba macho bafuni nikijimwagia maji, naanguka.

Chembe za mama yako zinarudishwa kwa mikono. Kwangu ni seli za mizani ndani ya sikio zilizokufa, hazirudi. Nilichofundishwa ni kutumia kilichobaki. Nabandika herufi A ukutani, naikazia macho huku natikisa kichwa kulia na kushoto dakika nzima, herufi isiruke. Kisha nasimama juu ya godoro la sponji, mgongo kwenye kona ya nyumba, kiti mbele yangu, miguu imebanana. Wiki za mwanzo nilitapika. Mwezi wa tatu nilienda msikitini alfajiri bila mtu wa kunishika mkono. Tochi haikosi mfukoni hadi leo.

BintiKihonda

Ndugu zangu, nimerudi. Tumeenda Jumanne.

Mtaalamu ni kijana tu, ila alianza kwa kumuuliza mama maswali na kumsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo miezi miwili hatukulipata. Alimpima nguvu za mikono, akamwambia afuate kidole kwa macho, akamkagua shingo. Kisha akamgeuza kichwa kulia, akamlaza. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Mama akapiga yowe na kukamata shati la kijana wa watu mpaka kifungo kikakatika. Nikainama nikayaona macho yake yakichezacheza, kama yanavutwa na uzi. Kijana akasema, "Mama, fungua macho, nimekushika, hii ndiyo tunayoitafuta." Akamgeuza, akasubiri. Akamlaza ubavu, akasubiri. Akamkalisha. Baada ya robo saa akarudia kipimo, na safari hii mama akawa anatazama tu dari, anasubiri kitu ambacho hakikuja. Akalia.

Amepunguziwa vidonge hadi aviache. Juzi kalala kitandani, na jana usiku nimepitisha tochi nikamkuta amelalia upande wa kulia.

Ila FizioKaskazini, bado anagusa ukuta. Anasema hazunguki tena, lakini miguu haiamini. Na ameniuliza kama anaweza kurudi kuinama jikoni.

FizioKaskazini

Nimefurahi mno, dada. Miguu kutoamini ni kawaida, amekaa miezi akikwepa kugeuza shingo. Ainame, aanze hata leo, wewe ukiwa karibu. Jiko liwe juu ya meza wiki ya kwanza, maana mafuta ya moto hayana msamaha. Kila siku asimame kwenye kona, miguu imekaribiana, ageuze kichwa kushoto na kulia akihesabu hadi ishirini. Chembe zinaweza kung'oka tena siku za usoni, hivyo zikirudi msisubiri wiki tisa. Mrudisheni kwa yule kijana, na kifungo chake mpelekeeni.