Kupanda matumbawe likizoni: kuna faida, au ni picha tu?

Pweza_Mvivu: Wakuu, nimeona kampuni inauza safari ya "kuhuisha bahari". Unalipa, unapandikiza kipande kimoja cha tumbawe (kiumbe wa baharini anayejenga miamba), unapigwa picha, basi. Nitajuaje kama hela inawafikia wavuvi na miamba yenyewe?

Mama_Ngalawa: Uliza nani analinda hapo ukishaondoka. Maji yakizidi joto hicho kipande kinakufa, na joto haliulizi nani alilipia. Mimi naangalia ajira kwanza. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walichukua waliokuwa wavuvi wakawafundisha kuwa walinzi wa hifadhi. Mapato ya wageni ndiyo yanayogharamia ulinzi, pamoja na ziara za wanafunzi wanaopelekwa kuiona miamba kwa macho yao. (Wengi wanaishi kando ya bahari bila kuwahi kuchungulia chini.)

Chumvi_Tupu: Cabo Pulmo, Meksiko, hata hawakuhitaji kupandikiza. Wanakijiji wenyewe walidai eneo lilindwe, likawa hifadhi mwaka 1995, wakaacha kuvua humo na kuanza kupeleka watalii wanaopiga mbizi. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa jumla wa samaki wote humo uliongezeka kwa asilimia 463. Kuacha tu!

Mama_Ngalawa: "Tu" hiyo iseme mbele ya mwenye watoto wa kulisha. Miaka ya mwanzo, kabla samaki na wageni hawajaja, anakula nini? Pweza, waulize hao jamaa hilo.

Pweza_Mvivu: Nimewauliza. Wamenitumia bei za picha za chini ya maji. Natafuta kwingine.