Mrejesho: breki za haibridi kupotea kwenye mashimo

Wakuu, niliuliza kwa nini haibridi yangu (gari la injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), yuzdi kutoka Japani, inapoteza breki kwa kitambo nikipita kwenye mashimo kwa mwendo mdogo. Kumbe fundi wa kwanza alinibadilishia breki pedi bure tu (bure ya hasara, maana pesa alichukua). Wa pili aliangalia namba ya chesisi, akakuta gari liliitwa na watengenezaji lirekebishwe kasoro na mmiliki wa kule hakulipeleka. Akasasisha programu ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), basi. Breki ikihama kutoka kwenye mota ya umeme (nayo husaidia kupunguza mwendo) kwenda kwenye breki za kawaida za mafuta ya breki, sihisi tena lile pengo.

Kwa aliyetaja Prius (haibridi ya Toyota) kwenye majibu: Februari 2010 Toyota iliita haibridi zaidi ya 400,000 kwa kasoro inayofanana, lakini langu ni la kampuni nyingine.