Wosia hakuna hata mmoja anayeupinga lakini nimesota miaka minne mahakamani India KUUTHIBITISHA. Nimechoka!

Wakuu habari za humu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha, mnivumilie uzi ni mrefu.

Mimi ni Muhindi wa Dar, nimezaliwa Kisutu. Shangazi yangu, dada wa baba, aliondoka 1971 baada ya serikali kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na la kwetu lilikuwemo. Akaolewa Mumbai, wakajinyima yeye na mumewe wakanunua fleti ya chumba na sebule, mume akatangulia, watoto hawakujaliwa. Mpaka anafariki Machi 2019 alikuwa ananipigia simu kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha zamani, "mwanangu umekula?", na miezi yake ya mwisho nilikuwa kule namuuguza mimi. Wosia aliuacha, kurasa mbili, fleti ni yangu na msimamizi ni mimi, mashahidi wawili wamesaini, na akaenda kuusajili kabisa serikalini ili nisije nikapata tabu. Shikeni hapo kwenye kuusajili, nitarudi.

Shangazi hakuwa mjinga kuandika wosia. Sheria ya mirathi ya Wahindu ya 1956 inasema mwanamke akifa hana wosia, hana mume wala mtoto, mali yake inaenda kwa ndugu wa mume kwanza, wazazi wake mwenyewe na ndugu zake wa damu wanakuja nyuma (isipokuwa kama mali aliirithi kwa wazazi wake). Kwahiyo watu pekee duniani ambao wangeweza kusimama kunipinga ni watoto wa shemeji yake, wako watatu, mmoja Pune, mmoja Nairobi, mmoja Leicester. WOTE watatu waliniambia dada chukua ni haki yako. Wote wakasaini kiapo cha kukubali, yule wa Leicester akalipia na muhuri wa serikali ya Uingereza juu yake, hakuna aliyelalamika hata kidogo. Sasa niambieni kesi iko wapi hapo?

Sosaiti ya jengo, yaani chama cha wenye fleti, wakagoma kubadilisha jina bila probeti, yaani hati ya mahakama ya kuthibitisha wosia. Nikamuuliza wakili inawezekanaje, akanifungulia kifungu cha 213 cha sheria ya mirathi ya 1925 kama kilivyokuwa wakati ule, kikisomwa na kile cha 57: wosia wa Muhindu ulioandikwa Mumbai au Chennai ndani ya mipaka ya mahakama kuu za miji hiyo za tangu enzi za mkoloni, au kwenye eneo lililokuwa la gavana wa Bengal, au unaogusa nyumba iliyoko huko, bila probeti huwezi kudai chochote mahakamani. Mipaka yenyewe ni ya Septemba 1870!! Shangazi angenunua fleti yake Delhi au Ahmedabad na wosia akauandikia hukohuko, kifungu hicho kisingemgusa. Waislamu hakiwahusu, Wakristo wakatolewa 2002, sisi Wahindu tukaachwa tumeshikiliwa na ramani ya mkoloni.

Sawa, nikakubali. Ada ya mahakama kwa Maharashtra, jimbo la Mumbai, haizidi rupia 75,000, nikalipa. Petisheni ikaingia Septemba 2019, wosia wenyewe orijino ukachukuliwa ukafungiwa mahakamani, notisi zikatoka, siku za mtu kuweka pingamizi zikapita, hakuja mtu. Nikasema mwanangu hapa ni kugonga muhuri tu.

Hapo ndo nikakutana na kifungu cha 68 cha sheria ya ushahidi ya 1872. Kinasema hati inayotakiwa kisheria kuwa na mashahidi, haiwezi kutumika kama ushahidi mpaka angalau shahidi mmoja kati ya waliosaini aitwe aithibitishe, kama yu hai na anaweza kupatikana. Chini yake kuna nafuu, hati ikiwa imesajiliwa na mtu anayedaiwa kuiandika hakani, shahidi si lazima aitwe. Nikafurahi nikamwambia wakili si ndo yetu hii, imesajiliwa na hakuna anayekana. Akaniwekea kidole kwenye maneno manne matano nisome tena: nafuu hiyo ni kwa hati YOYOTE ISIPOKUWA WOSIA. Yaani mtu mzima wa miaka 78 kapanda ngazi za ofisi ya usajili na goti bovu, kaweka dole gumba mbele ya afisa, na siku ya kuthibitisha usajili ule haukuokolei shahidi hata mmoja. Na mahakama ya juu kabisa ya kule imeshasema kusajili peke yake hakutoshi, na kwenye kesi ya Ramesh Verma ikasema hata upande wa pili usipokana wosia lazima uthibitishwe.

Mashahidi wetu walikuwa daktari wa mtaani kwake na mzee jirani wa ghorofa ya pili, mstaafu wa benki. Wakili akachagua mzee kwa sababu yuko karibu, akamwandalia afidaviti (kiapo cha maandishi) ya nusu ukurasa: hii ni sahihi yangu na nilimwona marehemu akisaini. Faili likakaa weee, likarudi na dosari. Kosa? Hajasema kama daktari naye alisaini mbele ya marehemu. Kumbe kifungu cha 63 cha ile sheria ya mirathi ya 1925 kinataka mashahidi wawili, kila mmoja awe amemwona mwenye wosia akisaini au amesikia kwa mdomo wake kwamba sahihi ni yake, na kila mmoja asaini mbele yake (si lazima wawe chumbani pamoja). Na kesi ya Janki Narayan Bhoir ilishaweka wazi kwamba shahidi mmoja anatosha pale tu anapoweza kuthibitisha na sahihi ya mwenzake, akishindwa huyo mwenzake aitwe. Wakili wa mirathi anayekula hela za watu kwa kazi hii kila siku HALIJUI HILO? Ni sentensi mbili tu! Sentensi mbili za afidaviti zimenila miaka.

Maana ikaingia 2020, korona, mahakama zikafungwa. 2021 daktari akafa. Tukarudi kwa mzee jirani, na mzee kwa uaminifu wake wote akaniambia binti yangu, shangazi yako namkumbuka alisaini kwenye meza ya kulia chakula, alinipa chai, ila daktari sikumbuki kama nilimwona akisaini au nilimkuta keshasaini. Na hakutaka kuapa asichokumbuka. Sikumlaumu na simlaumu mpaka leo.

Ikabidi tuingie njia ya vifungu vya 69 na 71 vya ile sheria ya ushahidi, ya shahidi aliyekufa na shahidi aliyesahau, unatafuta mtu anayeujua mwandiko. Nikapanda ndege tena kumtafuta mtoto wa marehemu daktari, nimkute kwenye matanga yake nimwombe vyeti vya zamani alivyoandika baba yake. Nilimwona aibu jamani. Akaapa kwamba sahihi ni ya baba yake, tukaweka na ile nakala ya usajili, na Novemba 2023 probeti ikatoka. Karatasi moja. Madeni ya matengenezo ya jengo kwa miaka yote hiyo nimelipa mimi na sosaiti ikadai na riba juu.

Naelewa hoja ya mahakama, mwandishi wa wosia kashakufa hawezi kuulizwa, na wapo watu wanaghushi. Lakini warithi wote wazima na akili zao wakisimama wakasema tunakubali, na hati imesajiliwa na afisa wa serikali hiyohiyo, kuna nini zaidi cha kulinda? Wanamlinda nani? Walipoitupa sheria ya ushahidi ya 1872 wakaleta mpya iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 nikajua wamejifunza, nikaisoma, kifungu ni kilekile, 68 imeitwa 67, na lile neno la isipokuwa wosia limo.

Na wa hapa Bongo msijione mko mbali. Wosia wa Wakristo wengi hapa unaamuliwa kwa sheria ya mirathi ya India ya 1865, ile baba yake na hiyo ya 1925, na mashahidi wawili wanatakiwa vilevile.

Mwenye mzazi au ndugu kule ambaye ana wosia na mashahidi bado wako hai, wachukueni viapo sasa hivi. Maneno ya afidaviti yaliyokubaliwa ninayo, na yale yaliyokataliwa ninayo pia, anayetaka aulize hapahapa nitayaandika yote.